Michezo ya simu na usemi wa Baba baada ya kiharusi

Baba alikuwa karani wa reli hapa Tanga hadi alipostaafu, mtu wa maneno mengi ambaye baraza halikuchangamka mpaka yeye afike. Kiharusi kilimpata upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na usemi ukaondoka karibu wote. Alipotoka hospitali alikuwa amebakiwa na neno moja lililojitokeza kila alipofungua kinywa, nalo lilikuwa "kofia". Ukimpa maji alisema kofia, ukimuuliza jina la Mama alisema kofia, kisha alitikisa kichwa kwa hasira kwa sababu alijua fika kwamba silo alilolikusudia.

Ninaandika haya kwa ajili ya familia zinazouguza mgonjwa wa namna hii, ambazo mapema au baadaye zitaambiwa na ndugu au jirani kwamba siku hizi ipo michezo ya simu inayomrudishia mtu kauli. Ipo kweli, na baadhi yake ilimsaidia Baba kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo, haikumsaidia kwa njia tuliyoifikiria, na fedha zilizotutoka kabla ya kulielewa hilo zingetosha kulipia mazoezi yake ya viungo kwa muda mrefu.

Kilichotuchanganya mwanzoni ni salamu. Mgeni akiingia na kusema shikamoo, Baba aliitikia marahaba kwa sauti safi kabisa. Alihesabu moja hadi kumi bila kukwama na alisoma Alhamdu tangu mwanzo hadi mwisho, lakini akitaka kuomba chai hakuweza. Baadhi ya ndugu walisema anajidekeza, wengine wakasema huo ni mkono wa mtu, na mjadala huo ukala muda ambao ulipaswa kutumika kumtafuta mtaalamu. Tulipompata mtaalamu wa tiba ya usemi mjini Dar es Salaam, alianza kwa kumwamkia Baba, akasubiri marahaba yake, kisha akamwonyesha kijiko na kumuuliza ni nini. Baba alijibu "kofia" na machozi yakamtoka.

Alitueleza kwamba hali hiyo huitwa afasia, na kwamba akili ya mzee wetu haikuwa imepotea. Daktari Mfaransa aitwaye Paul Broca aliwaonyesha wenzake mwaka 1861 ubongo wa mgonjwa aliyekuwa amebakiwa na silabi moja tu, na jeraha lilikuwa upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Salamu, dua, hesabu na nyimbo mara nyingi husalimika kwa sababu mtu huzitoa zikiwa nzima kama alivyozizoea, ilhali kuomba chai kunamtaka atafute neno upya na kulipanga. Akatuonya pia kwamba si kila asiyesema vizuri baada ya kiharusi ana afasia. Wapo ambao maneno wanayo ila misuli ya ulimi na midomo imedhoofu, na wapo ambao misuli ni mizima lakini ubongo hauwezi kupanga miendo ya kinywa. Wengine huwa na mawili kwa pamoja. Mchezo wa kutaja picha unaweza kumfaa mwenye afasia na usimfae kabisa ambaye tatizo lake ni misuli ya kinywa, na kwa sababu hiyo uchunguzi wa mtaalamu, hata kama ni wa mara moja, unapaswa kutangulia kabla ya kupakua chochote.

Sisi tulikuwa tumekwisha kupakua. Ilikuwa programu ya Marekani yenye sifa nyingi, iliyotoza kwa dola kila mwezi, na kwa fedha zetu ilikuwa zaidi ya Sh 50,000 kabla ya kuhesabu bando. Baba alikijua Kiingereza cha ofisini, cha fomu na tiketi, kwa hiyo hatukuona tatizo. Picha zilizojitokeza zilikuwa kindi, theluji, sanduku la barua lililosimama kwenye nguzo, na mashine ya kuchoma vipande vya mkate. Mtu ambaye hata akiwa mzima asingemtambua kindi alihesabiwa kosa, alama zikashuka, na sisi tukaketi sebuleni tukiamini kwamba ugonjwa unazidi. Aidha, kila kosa lilifuatwa na mlio mkali, na saa ya kuhesabu sekunde ilikuwa ikikimbia pembeni mwa kioo. Mtu mwenye afasia anahitaji muda. Ukimharakisha, hata neno lililokuwa limekaribia kutoka hurudi ndani. Siku moja Baba alikisukuma kishikwambi kikaanguka chini, na kwa kweli sikuweza kumlaumu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna programu ingelituambia. Picha zilipopangwa nne kwa mstari, Baba alichagua karibu kila mara zile za kushoto. Tulidhani anabahatisha. Mtaalamu alipotazama kwa video ya WhatsApp, alituomba tukisogeze kishikwambi upande wa kushoto wa meza, na majibu sahihi yakaongezeka papo hapo. Kiharusi kilikuwa kimempunguzia uwezo wa kuona upande wa kulia wa macho yote mawili, hivyo nusu ya mchezo ilikuwa haimfikii. Tangu hapo tulitumia michezo inayopanga picha kutoka juu kwenda chini, au tulikiweka kifaa kushoto kwake. Mwenye mgonjwa na ajaribu jambo hilo siku ya kwanza kabisa, kwani halina gharama na linaweza kufuta makosa mengi ambayo si ya lugha.

Alama zilipoanza kupanda, nyumba nzima ilifurahi, na ndipo lilipozuka tatizo ambalo Mama ndiye aliyeligundua. Baba alikuwa anakaa na kishikwambi asubuhi, mchana na jioni, nasi tulipita mbele yake kwa kunyata tukiambizana kwamba yumo mazoezini. Watoto walikatazwa kumsumbua. Mama akasema, kwa ukali ambao sikuuzoea, kwamba tangu mashine iingie nyumbani hakuna anayezungumza na mumewe. Alikuwa sahihi. Katika mchezo Baba aliweza kutaja sahani, kikombe na kiti, lakini mezani alinyoosha kidole kama zamani.

Nililipeleka suala hilo kwa mtaalamu, naye hakushangaa. Alinieleza kuhusu utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu 278 wenye afasia ya muda mrefu. Kundi mojawapo lilifanya mazoezi ya maneno nyumbani kwa kompyuta kwa miezi 6, kila mtu akiwa na maneno 100 aliyojichagulia mwenyewe kulingana na maisha yake. Maneno waliyoyafanyia mazoezi waliyamudu vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakupata programu hiyo. Hata hivyo, mazungumzo yao ya kawaida hayakuonyesha mabadiliko. Kwa wengine habari hiyo inaweza kuvunja moyo, lakini kwangu ilikuwa faraja, kwa sababu ilinionyesha kazi ya simu inaishia wapi na kazi yetu inaanzia wapi. Simu inaweza kumrudishia mtu neno, lakini kulitumia neno hilo kwa mtu mwingine anayelihitaji ni zoezi la peke yake, na zoezi hilo halina programu.

Kwanza tuliachana na picha za kigeni. Ipo programu iitwayo AnkiDroid, ambayo kwenye simu za Android ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Haikutengenezwa kwa ajili ya tiba bali kwa ajili ya wanaojisomea, na huendeshwa kwa kadi. Upande mmoja wa kadi unaweka picha, wa pili unaweka neno na sauti, na programu yenyewe hupanga kurudisha mara kwa mara kadi zinazomshinda mtu na kuzichelewesha anazozimudu. Nilipiga picha vitu vya nyumbani kwetu: birika, mbuzi ya nazi, feni ya sebuleni, mswaki, kikoi chake cha bluu, chupa ya dawa ya shinikizo la damu, na nyuso za wajukuu mmoja mmoja. Niliongeza picha za vituo vya njia ya reli aliyoifanyia kazi, Muheza, Korogwe, Mombo, Same, na Baba alizitambua kwa haraka kuliko alivyotambua vyombo vya jikoni.

Sauti za mwanzo nilizirekodi mwenyewe, zikawa za haraka mno. Tukazifuta na Mama akarekodi zake, taratibu, kwa namna anavyozungumza na Baba siku zote. Kwa kila kitu tulitengeneza kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa na picha pamoja na silabi ya mwanzo tu, yaani Mama anasikika akisema "bi…" kisha ananyamaza, na ya pili ilikuwa na picha peke yake. Mtaalamu alitufundisha kwamba mgonjwa akikwama asiachwe akibahatisha mara nyingi, maana kosa linalorudiwa nalo hujifunza kukaa. Asaidiwe kwa ngazi: ueleze kwanza kazi ya kitu hicho, kisha uanze sentensi ili aimalizie, kisha umpe silabi ya mwanzo, na mwisho ulitaje neno lote alirudie. Kati ya ngazi moja na nyingine mnapaswa kungoja. Kungoja huko ni kugumu kuliko kunavyosikika. Sekunde kumi za ukimya mbele ya mzazi anayetafuta neno "birika" ni ndefu sana, na mikono yetu ilitaka kumpa birika lenyewe yaishe.

Neno la kwanza kuliondoa "kofia" njiani lilikuwa jina la mjukuu wake mdogo. Alilitaja kwenye kadi kwa muda, hadi siku alipomwita mwenyewe kutoka uani. Tulijiwekea utaratibu tangu hapo: neno lolote analolipata kwenye simu asubuhi lazima liombwe na mtu kabla ya jioni. Akipata "feni", feni inazimwa makusudi. Akipata "chai", kikombe kinawekwa mezani kikiwa kitupu. Baba alikwisha kutugundua mapema sana na wakati mwingine alicheka, lakini alisema.

Upungufu wa kadi ni kwamba zinakusanya majina ya vitu, na mtu hazungumzi kwa majina ya vitu pekee. Baba alianza kusema "mimi… maji… mimi", ambayo tulimwelewa, ila ilimkera. Tuliongeza kadi za vijisentensi anavyovihitaji kweli, kama vile nipe maji, sitaki, zima taa, nani amekuja, subiri kidogo. Hicho cha mwisho kilimfaa kuliko vyote. Mtu mwenye afasia akiweza kusema "subiri kidogo", wageni huacha kumkatiza.

Tulijaribu pia michezo inayotumia utambuzi wa sauti, ile inayokutaka utamke neno ili mhusika aruke au mlango ufunguke. Google waliongeza Kiswahili kwenye huduma yao ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, kwa hiyo nilidhani tunaweza kujitengenezea kitu. Haikufaa. Sauti ya mtu aliyepata kiharusi, yenye kusita na kuvuta, ilitafsiriwa kuwa maneno ya ajabu, na mara nyingine mashine ilikisia neno sahihi ilhali Baba alikuwa amelikosea. Mingine inapima ukubwa wa sauti tu, ikimzawadia mgonjwa kwa kupaza sauti. Yawezekana mambo hayo yatabadilika. Kwa sasa ninashauri hakimu wa matamshi awe mtu.

Kilichobadilisha hali yetu ni mchezo wa watu wawili. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walieleza namna walivyowafanyisha wagonjwa wa afasia mchezo wa karata zenye picha, ambamo kila mmoja anaficha zake na lazima amwombe mwenzake karata inayofanana, kwa kinywa, bila kuonyesha kwa kidole. Mtaalamu alitupa wazo hilo, nasi tukalihamishia kwenye simu. Simu mbili ziliwekwa albamu za picha, baadhi zikiwa zilezile, na katikati ya meza tulisimamisha kitabu ili mmoja asione ya mwenzake. Anayecheza anauliza, "Unayo baiskeli?" Mwenzake akiwa nayo, wote wawili wanaifuta kwenye albamu, na wa kwanza kumaliza ndiye mshindi.

Mpinzani wake akawa binti yangu, wakati huo akiwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa nimejaribu kucheza naye, lakini hainijii kumsahihisha Baba, na yeye haimpendezi kusahihishwa na mwanawe. Kati ya babu na mjukuu pana utani, na utani unaruhusu mengi. Binti alimkatalia karata alizozitamka nusu, akamcheka, akaibiwa, akalalamika. Jioni moja alimwona Babu anachungulia juu ya kitabu, akapiga kelele, "Babu unaiba!" Baba akamjibu hapo hapo, "Mwizi wewe! Wewe umeanza!" Mama aliyekuwa anachambua mchele alisimama na ungo mkononi. Hapakuwa na kadi yoyote yenye maneno hayo.

Rafiki yake wa barazani naye alituletea bao la kwenye simu. Baba akicheza peke yake dhidi ya mashine alikaa kimya saa nzima, akiwa na furaha lakini bila neno hata moja, na sikuwahi kuona faida yake kwa usemi zaidi ya kumwondolea huzuni, ambayo nayo si faida ndogo kwa mtu aliyepata kiharusi. Rafiki huyo alipokaa mbele yake wakachezea simu moja, Baba alimwamuru "takata!", yaani asambaze kete bila kula, na kugombania nyumba yake, lile shimo kuu la bao, kama enzi zao. Mchezo ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa mtu wa kugombana naye.

Kuhusu kifaa chenyewe, nitaeleza kwa ufupi yale yaliyotugharimu. Kishikwambi cha mtumba chenye kioo kikubwa kilimfaa kuliko simu mpya, na tulikisimamisha kwenye kishikizo kwa sababu mkono mmoja hauwezi kushika na kubonyeza kwa wakati mmoja. Simu za Android zina mpangilio wa kubandika programu kwenye kioo ili mtu asitoke kwa bahati mbaya, na katika mipangilio ya ufikivu (Accessibility) ya baadhi ya simu unaweza kuongeza muda wa kubonyeza ili kidole kinachotetemeka kisihesabiwe. Michezo ya bure huleta matangazo, mengi yakiwa ya kamari. Tulizima data kabla ya kuanza, na kwa michezo isiyohitaji intaneti matangazo mengi yakatoweka. Zimeni saa na milio ya makosa. Mazoezi yetu hayazidi dakika 20 au 30, asubuhi baada ya chai kabla joto halijapanda, kwa maana jioni anakuwa amechoka na kila neno linageuka tena kofia.

Kisha kuna malipo. Programu nyingi hutoa siku chache za bure baada ya kukutaka uandike namba ya kadi ya benki, na kuifuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Lazima uingie Play Store, ufungue sehemu ya malipo na usajili, na usitishe huko huko. Kaka yangu aliyeko Muscat ndiye aliyekuwa analipia, na makato yaliendelea muda mrefu baada ya programu kufutwa. Fedha hizo zilizua maneno kati ya ndugu ambayo hayakuwa ya lazima. Kama mna kipato cha kuchagua kitu kimoja, chagueni kumwona mtaalamu, hata kwa video baada ya safari ya kwanza. Kwa nauli za watu wawili kwenda na kurudi Dar es Salaam, pamoja na chakula na bajaji za mjini, kila miadi ilitugharimu zaidi ya ada ya mtaalamu mwenyewe, na ndiyo maana tulimwomba tangu mapema atufundishe sisi tutakaobaki na mgonjwa.

Kwa sasa Baba anazungumza kwa sentensi fupi, anakwama kwenye majina ya watu asiowaona mara kwa mara, na kusoma gazeti bado hakujarudi. Kadi tunazitumia kwa kazi mahususi zaidi kuliko zamani. Kila anapokaribia miadi ya kliniki ya shinikizo la damu tunamtengenezea kadi za maneno atakayoyahitaji huko: kizunguzungu, usingizi, miguu inavimba, dawa zimekwisha, ile ya asubuhi inanichosha. Anazifanyia mazoezi kwa siku kadhaa, binti yangu akijifanya daktari na kumuuliza maswali ya ovyo ovyo ili asikariri mpangilio. Mama ndiye anayempeleka, na tumekubaliana naye kwamba daktari akiuliza, asimjibie.